Feni ya prosesa inapanda na kushuka hata nisipofanya kazi: nibadilishe kipozeo, au tatizo liko kwingine?

Mkaazi wa Raskazone

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninaomba ushauri kuhusu kompyuta yangu ya mezani, ambayo imenitumikia kwa miaka mitatu bila manung'uniko, lakini tangu kaskazi ianze kuvuma mwaka huu imekuwa na kelele zinazoniharibia kazi. Ninaishi Tanga, si mbali na bahari. Chumba ninachofanyia kazi kina ukubwa wa takriban mita tatu kwa nne, hakina kiyoyozi, na kipimajoto cha ukutani husoma nyuzi 33 adhuhuri na nyuzi 31 hata baada ya isha. Kazi yenyewe ni kusoma vitabu vya kiada kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya wanafunzi wasioona, na kwa sababu ya pikipiki za mchana ninalazimika kurekodi usiku, wakati ambapo sauti pekee inayobaki chumbani ni ya kompyuta.

Prosesa ni AMD Ryzen 5 3600, na kipozeo ni kile kile kilichokuja ndani ya boksi lake, yaani Wraith Stealth. Kasha lina feni mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Kadi ya michoro ni ndogo na haina feni. Mfumo uko kwenye SSD, yaani hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka, na rekodi zangu huziweka kwenye diski ngumu ya zamani ya inchi 3.5 iliyomo humo humo ndani ya kasha.

Matatizo ni mawili. La kwanza ni kwamba hata nikiwa nimefungua ukurasa mmoja tu wa maandishi, feni hupandisha sauti ghafla kwa sekunde tatu au nne, hushuka, kisha hupanda tena, kama mtu anayekoroma usingizini. Programu ya HWiNFO inaonyesha joto likiruka kutoka nyuzi 46 hadi 61 na kurudi, ilhali kompyuta haina kazi yoyote ya maana. La pili ni kwamba ninapomaliza kitabu na kuziagiza sura kumi na mbili zisafishwe sauti na kubanwa kwa pamoja, joto hufika nyuzi 94 na kubaki hapo hapo, feni huzunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika, na kasi ya prosesa hupungua.

Fundi mmoja wa mjini amenishauri ninunue mfumo wa kupozea kwa maji. Rafiki yangu naye anasema niondoe kifuniko cha ubavuni na kuelekeza feni ya mezani ndani. Kabla sijatoa fedha ambazo ningependa zaidi kuzitumia kununua maikrofoni, ningependa kujua: je, nyuzi 94 ni hatari kwa prosesa hii, na je, kuna njia ya kupata ukimya bila kubadilisha nusu ya mashine?

Bisibisi Nambari Mbili

Ndugu Mkaazi, umefanya vyema kutaja joto la chumba, kwa kuwa watu wengi huulizia joto la prosesa na kusahau kwamba kipozeo chochote cha hewa, kiwe cha bei gani, hakiwezi kushuka chini ya hewa inayokizunguka. Msomaji wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 akikuambia kwamba yake inafika 80, elewa kwamba kwako mashine ile ile ingefika 91, na hakuna kilichoharibika.

Kikomo kilichowekwa na AMD kwa prosesa hiyo ni nyuzi 95. Ikifika hapo haiungui. Inapunguza kasi yenyewe ili isipite, na hilo ndilo unaloliona. Kwa hiyo nyuzi 94 si msiba, ila ni dalili kwamba kipozeo kimefika mwisho wa uwezo wake, na tutalirudia. Naomba kwanza tutenganishe joto na kelele, maana kukoroma unakokueleza hakutokani na prosesa kuwa ya moto.

Ndani ya kile kifuniko cha chuma cha Ryzen 5 3600, viini vyote sita vimo katika kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 74 hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kila programu inapoamka hata kwa kazi ndogo, kwa mfano kuangalia kama kuna barua pepe mpya, prosesa hupandisha kiini kimoja hadi gigahezi 4.2 na volti nyingi ili imalize haraka na kulala tena. Joto la kiini hicho huruka nyuzi kumi au kumi na tano ndani ya sekunde moja, kisha huanguka. Lakini mapezi ya alumini yaliyo juu yake hayajapata hata habari. Ukiyagusa wakati huo utayakuta vuguvugu tu. Feni imekimbilia moto ambao umekwisha kuzimika kabla haijafika, na kwa kuwa mruko mwingine unakuja baada ya sekunde chache, inakimbia tena.

Dawa yake ni kuifundisha feni uvivu. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, utafute ukurasa wa feni, na uweke kasi isiyobadilika, tuseme asilimia 35, kuanzia joto la chini kabisa hadi nyuzi 68. Kuanzia hapo ipande polepole, ifike asilimia 60 kwenye nyuzi 80, na asilimia 100 kwenye nyuzi 90. Mipangilio ya kiwandani huanza kupanda mapema mno, mara nyingi kwenye nyuzi 50, mpaka ambao katika chumba cha nyuzi 31 prosesa yako inauvuka kila inapopiga chafya. Baadhi ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) huruhusu pia kuweka muda wa kusubiri kabla feni haijaongeza kasi; kama wako unao, chagua muda mrefu kuliko yote. Kama hauna, programu ya bure ya Fan Control inafanya kazi hiyo ndani ya Windows, na inakuruhusu kusema kwamba kasi isiongezeke mpaka joto likae juu kwa sekunde kadhaa.

Sasa turudi kwenye nyuzi 94. Miaka mitatu kando ya bahari bila kufungua kasha ni muda mrefu. Hewa yenu ina unyevu na chumvi, na vumbi lililolowa unyevu halipeperuki, bali linaganda kama ukoko baina ya mapezi. Toa kompyuta nje, tumia brashi laini na blowa, na ushike mabawa ya feni kwa kidole unapopuliza, kwa sababu feni ikizungushwa na upepo wa blowa kupita kasi yake, beringi zake huharibika na utaongeza kelele badala ya kuipunguza.

Kisha ubadilishe pesti, yale mafuta mazito ya kupitisha joto baina ya prosesa na kipozeo, ambayo baada ya miaka huwa makavu kama chokaa. Hapa ninaomba usome kwa makini, kwa kuwa nimewaona mafundi wazoefu wakilia. Soketi ya AM4, yaani tundu la ubao mama ambamo prosesa yako imekaa, huishika prosesa kwa pini kwa nguvu ndogo, na pesti iliyokauka huishika kwa nguvu kubwa zaidi. Ukikivuta kipozeo moja kwa moja kwenda juu, prosesa inaweza kung'oka pamoja nacho huku lachi, yaani kile kimkono cha kufungia soketi, ikiwa imefungwa, na pini zikapinda. Kwa hiyo endesha kazi nzito kwa dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu nne kwa zamu na kwa mshazari, halafu kizungushe kipozeo taratibu kushoto na kulia kama unayefungua kifuniko cha mtungi, mpaka usikie kimeachia. Uweke mkono nyuma ya ubao mama vilevile, maana bamba la nyuma halishikwi na kitu kingine isipokuwa skrubu hizo hizo.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, uweke mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi katikati, na ukandamize. Usidanganywe na mtu anayeuza ile pesti ya metali ya majimaji, kwa sababu ina galiamu, nayo galiamu huila alumini, na kitako cha kipozeo chako ni alumini tupu.

Jambo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa la maana kuliko yote. Boksi la prosesa yako limeandikwa wati 65, lakini kikomo halisi cha umeme unaoingia kwenye soketi ni wati 88. AMD wameweka hali iitwayo Eco, inayopatikana kwenye BIOS za ubao mama nyingi au kwenye programu ya Ryzen Master, ambayo hushusha kikomo hicho hadi wati 61. Fanya hesabu kwa takwimu zako mwenyewe: nyuzi 94 ukitoa 31 za chumba unabaki na 63, na 63 ukigawa kwa wati 88 unapata kama 0.72 kwa kila wati. Zidisha kwa 61, unapata 44, ongeza tena 31 za chumba, na jawabu ni nyuzi 75, hata kabla hujafuta vumbi. Kasi utakayoipoteza ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa sababu wati za mwisho ndizo ghali kuliko zote: prosesa huongezewa volti nyingi ili kupata megahezi chache.

Bi Mwanakwerekwe

Ndugu Bisibisi ameeleza vizuri, na sehemu ya pini ningependa kila mtu aichapishe na kuibandika ukutani. Ila mimi sikubaliani naye pale anapokiacha kipozeo cha boksi kikiwa mfalme wa nyumba. Ninahudumia kompyuta za ofisi hapa Unguja, katika vyumba ambavyo kiyoyozi kipo lakini umeme wa kukiendesha haupo kila siku, na uzoefu wangu ni kwamba Wraith Stealth inatosha kwa mtu asiyejali sauti. Ni kipande cha alumini kisicho na shaba wala mrija hata mmoja wa kusafirisha joto, na feni yake ni ndogo.

Feni ndogo haina njia ya kuwa na adabu. Ili isukume hewa ile ile inayosukumwa na feni ya milimita 120, lazima izunguke kwa kasi zaidi, na sauti ya upepo wa feni hupanda haraka sana kuliko hewa inayoletwa. Ukiipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu pia, lakini sauti hushuka kwa takriban desibeli 15, tofauti ambayo hata mtu aliye chumba cha pili ataitambua. Kwa hiyo kipozeo cha mnara, chenye mirija ya shaba minne au mitano na feni ya milimita 120 inayozunguka mara 700 au 800 kwa dakika, kitamletea ndugu yetu ukimya ambao mipangilio ya BIOS peke yake haiwezi kuuleta.

Kabla ya kununua, apime kwa rula kutoka kwenye uso wa prosesa hadi mahali kifuniko cha ubavuni kinapokaa. Noctua NH-U12S, kwa mfano, ina urefu wa milimita 158, na ziko kasha nyingi za bei nafuu ambazo haziwezi kuifunika. Atafute pia vile vishikizo viwili vya plastiki vyeusi vilivyokuja na ubao mama. Fundi anapofunga Wraith Stealth huviondoa, na mara nyingi huvitupa, ilhali vipozeo vingi vya mnara vinavihitaji. Nimepoteza Jumamosi nzima kwa ajili ya vipande hivyo viwili vya plastiki.

Kuhusu maji, ushauri wangu ni kuachana nayo. Pampu ina mlio wake mwembamba usionyamaza hata kompyuta ikiwa haina kazi, na kwa mtu wa maikrofoni mlio wa namna hiyo ni mbaya kuliko upepo. Tena feni ya mnara ikifa, mapezi yanaendelea kupoza kidogo na unapata nafasi ya kuhifadhi kazi yako, lakini pampu ikifa, maji yanasimama na joto halina pa kwenda. Wati 88 si mzigo wa kuhitaji maji.

Na hiyo feni ya mezani ubavuni, kwa heshima zote kwa rafiki yako, ni kuialika bahari iingie ndani. Joto litashuka kweli, hilo sibishi, lakini baada ya miezi michache utakuta ncha za skrubu zina kutu na ubao mama umevaa koti la vumbi lenye chumvi, na umeme na chumvi yenye unyevu havipatani.

Kijana wa Kariakoo

Ziko njia fupi zaidi, wazee wangu. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 badala ya 100. Mimi nilifanya hivyo kwenye kompyuta ya dukani na feni haijapiga kelele tena. Haihitaji bisibisi wala pesti.

Bisibisi Nambari Mbili

Njia yako ni ya kweli, kijana wangu, na sababu yake ni kwamba kwa asilimia 99 Windows huizuia prosesa isipande juu ya kasi yake ya msingi, ambayo kwa hii ya ndugu Mkaazi ni gigahezi 3.6. Kasoro yake ni kwamba inazuia wakati wote, hata pale ambapo kupanda kungekuwa na faida na kusingeleta madhara. Ningemshauri atengeneze mipango miwili ya umeme, mmoja wa asilimia 99 kwa ajili ya muda wa kurekodi tu, na mwingine wa kawaida kwa kazi nyingine, kwa kuwa kubadilisha ni suala la kubofya mara mbili.

Kwa Bi Mwanakwerekwe: kuhusu feni ndogo umenishinda na ninakubali. Mimi ninapendelea tu kwamba aanze na yale yasiyo na gharama, apime, kisha ndipo aamue kama mnara unahitajika.

Mkaazi wa Raskazone

Nawashukuru sana, na hasa Bi Mwanakwerekwe kwa kuniokoa na pampu. Nitasafisha mwishoni mwa juma. Wakati ninasubiri pesti ifike, nimejaribu kurekodi dakika moja ya ukimya na kuitazama kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na nimeona jambo ambalo sikulitarajia. Mbali na ule upepo wa feni, kuna mstari mmoja mwembamba ulionyooka kwenye hezi 120, usiopanda wala kushuka feni inapobadilika kasi. Nimesoma makala kadhaa za Kiingereza zinazosema kwamba hezi 120 ni mvumo wa umeme, na kwamba ninunue waya bora za maikrofoni. Je, ni kweli?

Sikio la Usiku

Samahani kwa kuingia katikati, lakini hapa ndipo kazi yangu ilipo, kwa kuwa nimekaa miaka mingi nikisafisha sauti za vipindi vya redio.

Makala ulizosoma zimeandikwa Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa hezi 60, na mvumo wa transfoma husikika kwa mara mbili ya hapo, yaani 120. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Kama mvumo wako ungekuwa wa umeme, ungeuona kwenye 50 au 100, wala si 120. Kwa hiyo tafuta kitu chumbani kinachozunguka mara 120 kwa sekunde. Zidisha kwa 60, unapata mizunguko 7,200 kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi ya kawaida ya diski ngumu za inchi 3.5. Ninathubutu kusema kwamba ni ile diski yako ya zamani, na usingeipata kwa kubadilisha vipozeo kumi.

Hakikisha kwa kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme na ule wa data wa diski hiyo, kisha kurekodi tena dakika moja ya ukimya. Mstari ukitoweka, umempata mwizi. Ikiwa ni yenyewe, una njia mbili. Ya kwanza ni kurekodi kwenye SSD na kuiambia Windows iizime diski baada ya dakika tano bila kutumika, ili iamke tu unapohamisha kitabu kilichokamilika. Ya pili, kama lazima izunguke, ni kuifungua kutoka kwenye chuma cha kasha na kuikalisha juu ya vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kwa sababu diski yenyewe haina sauti kubwa. Inachofanya ni kuligeuza kasha zima kuwa ngoma.

Naomba pia uangalie kompyuta imekaa wapi. Kama iko juu ya meza moja na stendi ya maikrofoni, mtetemo unapita kwenye mbao bila kuhitaji hewa. Ishushe, uiweke juu ya kigoda upande wa pili wa maikrofoni, ule ambao maikrofoni imeupa kisogo. Usiiweke juu ya sponji nene, maana pawa saplai nyingi huvuta hewa kutoka chini na utakuwa umeziba pua yake. Kama maikrofoni yako ni ya USB, waya usizidi mita tano, ambao ndio mwisho wa kiwango cha USB 2.0.

Mkaazi wa Raskazone

Ndugu zangu, ninarejea baada ya siku kumi na sita kuwapa matokeo, na niwieni radhi kwa urefu.

Nilianza na diski, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilichomoa waya zake mbili na mstari wa hezi 120 ukatoweka kabisa. Sikio la Usiku, nimekaa na mvumo huo katika vitabu vinne nilivyokwisha kuvituma, na sasa kila nikivisikiliza ninausikia. Kwa sasa ninarekodi kwenye SSD na diski inalala.

Usafi ulinichukua asubuhi nzima. Baina ya feni na mapezi kulikuwa na tabaka la kijivu lililoshikana kama kitambaa, na niliweza kulivuta kwa vidole likatoka kipande kimoja. Nyuma ya pawa saplai, kwenye pembe yenye joto, nilikuta mayai mawili ya mjusi kafiri, moja limeanguliwa na jingine limekauka. Kipozeo nilikipasha moto na kukizungusha kama nilivyoelekezwa, kikaachia kwa mlio mdogo, na prosesa ikabaki mahali pake. Bamba la nyuma lilitaka kuanguka na mkono wangu ulikuwa pale. Baada ya pesti mpya, kazi ya sura kumi na mbili, katika chumba cha nyuzi 31 zile zile, ilisimama kwenye nyuzi 84.

Kisha niliwasha hali ya Eco na kuweka mpangilio wa feni wa asilimia 35 hadi nyuzi 68. Kazi hiyo hiyo sasa inafika nyuzi 72, feni ikiwa haijafika hata nusu ya kasi yake. Zamani nilisubiri dakika sita na sekunde 40. Sasa ninasubiri dakika sita na sekunde 50. Ninapoandika tu, joto bado linaruka kutoka 44 hadi 58 kama ilivyokuwa, lakini feni hailiangalii tena. Kukoroma kumekwisha.

Bi Mwanakwerekwe, nimepima kasha langu kwa rula na nafasi iliyopo ni milimita 150, kwa hiyo mnara uliousema hauwezi kuingia, na vile vishikizo vya plastiki sivioni popote. Kama kuna kipozeo kifupi chenye mirija na feni ya milimita 120 ambacho umewahi kukitumia, nitafurahi kukijua kabla ya kaskazi ijayo, ingawa fedha za safari hii zimekwenda kwenye maikrofoni.

Sauti iliyobaki kwenye rekodi ni ya pangaboi, ambalo kijana wangu hulizima kila ninapoanza sura na kuliwasha ninapomaliza, na kwa sura ndefu tunatoka wote wawili tumelowa jasho.

Bi Mwanakwerekwe

Kwa milimita 150 chaguo zipo, ndugu yangu. Tafuta mnara wa feni ya milimita 92, ambao kwa kawaida hauzidi milimita 140, au kile cha kulala ambacho feni yake ya milimita 120 huelekea chini kwenye ubao mama. Kwa wati 61 chochote kati ya hivyo kitakuwa na nafasi ya kutosha. Vishikizo muulize fundi aliyeifunga kompyuta. Wengi wetu tuna mfuko mzima wa vile tulivyoviondoa kwenye mashine za watu.